Mtoto Niliyemwadhibu kwa Kutoona

Mwezi huu nimeomba nafasi niwasimulie jambo ambalo kwa muda mrefu niliona aibu kulisema. Linahusu mtoto mmoja wa darasa langu, chupa moja ya mafuta ya rasheni, na mimi mwenyewe mwalimu wenu. Jina la mtoto silitaji. Bibi yake amenikubalia niandike. Aliniambia hivi: "Andika tu, mwalimu. Labda mwingine atasaidiwa kabla hajaadhibiwa." Maneno hayo ndiyo yamenitia nguvu ya kushika kalamu.

Nafundisha mwaka wa tatu, zamu ya pili. Zamu yetu inaanza mchana na kuisha jioni. Darasa letu mnalijua: matofali ya udongo, bati juu, madirisha madogo, na watoto zaidi ya 80 wamebanana kwenye mabenchi. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza na wingu likifunga, mle ndani kunakuwa giza kabla jua halijazama.

Kipindi cha mwisho cha siku ni kunakili kutoka ubaoni. Huyo mtoto, wa miaka 9 hivi, alikuwa anaandika mistari miwili halafu anaacha. Nikimuuliza kwa nini, ananyamaza na kuangalia chini. Mchana anasoma vizuri kabisa, hesabu anajibu kabla ya wenzake. Lakini ikifika kipindi cha mwisho anakuwa kama mtu mwingine. Nikasema moyoni, huyu amechoka kusoma, anataka kucheza tu. Siku ya kwanza nilimgombeza. Siku ya pili nilimsimamisha pembeni. Siku ya tatu nilimpigisha magoti mbele ya wenzake mpaka kengele.

Tulipotoka siku hiyo alijikwaa kwenye mtaro wa maji ya mvua, mtaro ambao anauruka kila siku, akaanguka na madaftari yake yote. Watoto wakapiga kelele, "Kuku! Kuku!" Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo kabla ya kwenda kumwinua.

Kesho yake niliuliza mtoto mmoja kwa nini wanamwita Kuku. Akajibu bila hata kufikiri: "Mwalimu, kuku akiona giza linakuja anaingia ndani. Naye ni hivyo hivyo. Mangaribi hachezi. Anashika nguo ya dada yake mpaka nyumbani."

Hapo nilisimama kimya. Mimi nilisoma sekondari hapa hapa kambini, nikachagua mambo ya biolojia na kemia. Kwenye mtihani tuliulizwa vitamini na magonjwa yanayoletwa na upungufu wake. Niliandika yote kwa mstari: A, kutoona usiku, B1, beriberi, C, kuvuja damu kwenye ufizi, D, matege. Nilipata maksi nzuri. Na siku tatu mfululizo mstari wa kwanza wa jibu langu ulikuwa umekaa mbele yangu kwenye benchi, nikaupigisha magoti.

Jioni nilikwenda kwao. Anaishi na bibi yake na dada yake mkubwa. Bibi alinikaribisha, akanipa kigoda. Nilipouliza juu ya macho ya mtoto, alishusha sauti. "Mwalimu, tusiseme kwa nguvu, majirani wanasikia. Huyu mutoto wamemfunga macho. Muchana anaona, mangaribi haoni. Ugonjwa wa kweli ungekuwa na saa?" Alikuwa ameshampeleka kwenye maombi mara mbili. Alikuwa anamshuku hata mama mmoja jirani waliyegombana naye foleni ya maji. Nilimwambia, "Bibi, tuendelee kuomba, ila kesho asubuhi twende na zahanati." Alikubali.

Muuguzi alimfungua mtoto jicho kwenye mwanga wa dirisha, akaniita niangalie. Pembeni mwa sehemu nyeusi ya jicho, juu ya ile nyeupe, kulikuwa na doa kavu, jeupe, kama povu la sabuni lililokauka. Hakupiga hata damu. Alisema, "Huyu hana vitamini A." Akakata kapsuli ndogo nyekundu, akamkamulia matone mdomoni. Akampa nyingine kesho yake, na akatuandikia turudi baada ya wiki mbili kwa ya tatu. Siku ya nne jioni dada yake alinikuta njiani akasema, "Mwalimu, jana ameniacha nyuma."

Ndugu wazazi, ugonjwa huo una saa kweli, na sababu yake tunaijua. Nyuma ya jicho kuna rangi maalumu inayoshika mwanga kidogo, ule wa mangaribi, wa mwezi, wa taa ya koroboi. Mwili unaitengeneza rangi hiyo kwa kutumia vitamini A. Vitamini A ikipungua, rangi hiyo haitoshi. Mchana kwa sababu mwanga ni mwingi mtoto anaona sawa na wengine. Jua likishuka, yeye amebaki gizani wakati wenzake bado wanacheza mpira. Hasemi, kwa sababu anadhani kila mtu anaona hivyo, au anaogopa kuchekwa.

Tena kutoona jioni ni mlango tu. Vitamini A hiyo hiyo ndiyo inayotunza ngozi laini za ndani ya mwili: ya macho, ya koo, ya mapafu, ya matumbo. Hizo ndizo ukuta wetu dhidi ya vijidudu. Ikikosekana, jicho linakauka, linapata doa, na mtoto asiposaidiwa ngozi ya mbele ya jicho inalainika na kupasuka. Ikifika hapo upofu haurudi nyuma. Na ukuta wa mapafu na matumbo ukibomoka, kuhara na surua vinamkuta mtoto hana silaha. Daktari mmoja Mmarekani, Alfred Sommer, alifanya kazi Indonesia na kugundua kwamba watoto wenye dalili hizi za macho, hata zile ndogo, walikuwa wanakufa zaidi ya wenzao. Utafiti wake wa mkoa wa Aceh ulitangazwa mwaka 1986. Katika vijiji ambako watoto walipewa kapsuli ya vitamini A kila baada ya miezi sita, vifo vilikuwa vichache kwa karibu theluthi moja. Nilipokuwa nasoma jambo hilo nilimkumbuka mtoto wangu mtaroni, nikaona kumbe tulikuwa tunacheka dalili ya kifo.

Sasa ngojeni niwaambie kwa nini yeye alipungukiwa, maana hapa ndipo aibu yangu ya pili ilipo.

Muuguzi alimuuliza bibi, "Mnakula nini?" Akajibu, "Bugari na maharagwe. Na lengalenga, mboga hatukosi." Muuguzi akauliza, "Na mafuta?" Bibi akanitazama mimi kwanza, kisha akatazama chini. Akasema mafuta ya rasheni alikuwa anauza. Kila mgao, yote. Muuguzi akauliza, "Unanunua nini?" Bibi akajibu, "Sabuni, na chumvi, na madaftari ya shule."

Madaftari niliyodai mimi. Mwanzo wa mwaka ya mgao yalipokwisha, nilisimama mbele ya darasa nikasema asiye na madaftari manne asirudi. Nilidhani nasaidia elimu. Bibi yule hana bustani ya kuuza wala ndugu wa nje wa kumtumia pesa. Ana chupa moja ya mafuta. Aliichukua akaigeuza karatasi, ili mjukuu wake asifukuzwe. Na mjukuu akaja darasani na madaftari manne mapya, asiyaone yanayoandikwa ubaoni.

Mafuta yale ya rasheni si mafuta ya kukaangia tu. Yanapotengenezwa yanaongezwa vitamini A na vitamini D makusudi, kwa sababu wanaojua wanaelewa kwamba chakula cha kambini, nafaka na mikunde, hakina vitamini A ya kutosha. Ukiuza mafuta yote umeuza na macho yaliyomo ndani. Na kuna jambo la pili ambalo hata mimi sikulielewa vizuri sekondari. Mboga za majani kama lengalenga, sombe na matembele zina kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A. Lakini kitu hicho kinasafiri ndani ya mafuta. Mboga iliyochemshwa na chumvi bila hata tone la mafuta inapita tumboni na sehemu kubwa ya utajiri wake inatoka kama ilivyoingia. Kwa hiyo bibi alisema kweli, mboga hawakukosa. Kilichokosekana ni gari la kubebea.

Jambo la tatu: miezi michache kabla ya hapo mtoto aliugua surua. Surua inakula akiba ya vitamini A iliyoko kwenye ini, kama mgeni mwenye njaa anayemaliza ghala. Ndiyo maana mtoto mwenye surua anatakiwa apewe vitamini A zahanati, siku mbili mfululizo. Yeye aliuguzwa nyumbani.

Na la nne ni umri. Matone ya vitamini A yanayogawiwa kila baada ya miezi sita ni ya watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5. Kapsuli ya bluu ni ya mtoto ambaye hajafika mwaka, nyekundu ni ya aliyefika mwaka na kuendelea. Mtoto wa shule ameshavuka hapo. Hakuna anayemfuata nyumbani na matone. Wa kumwona ni mzazi na mwalimu. Na mwalimu alikuwa anamwita mvivu.

Tangu siku hiyo nilianza kurudia somo langu la vitamini, safari hii nikiwa na sufuria mbele yangu badala ya karatasi ya mtihani. Nimejifunza kwamba hata wakubwa wa dunia walichelewa kuelewa. Zamani watu walidhani kila ugonjwa unaletwa na kitu kibaya kilichoingia mwilini: kijidudu, sumu, au mkono wa mtu. Hawakufikiria kwamba ugonjwa unaweza kuletwa na kitu kizuri ambacho hakipo. Bibi wa mtoto wangu alifikiri vivyo hivyo, na wanasayansi walifikiri vivyo hivyo.

Waliofungua watu macho ni kuku. Ndiyo, kuku. Mwaka 1890 hivi, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa katika kisiwa cha Java, Indonesia, akitafuta kijidudu cha beriberi, ugonjwa unaolegeza miguu, unaovimbisha mwili na kuua moyo. Kuku wake wa maabara wakaanza kuyumba na kuanguka. Kisha wakapona ghafla, bila dawa. Alipochunguza akakuta kwamba kwa muda walikuwa wanalishwa wali mweupe uliobaki jikoni kwa hospitali ya wanajeshi, mpaka mpishi mpya akakataa kuwapa kuku chakula cha jeshi. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa, wakapona. Kile kilichokuwa kwenye ganda lililotupwa ndicho leo tunaita vitamini B1. Kazi yake ni kuusaidia mwili kugeuza ugali na wali kuwa nguvu. Eijkman alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1929. Jina lenyewe la vitamini lilitungwa mwaka 1912 na Casimir Funk, mwanasayansi kutoka Poland. Watoto wangu walipoisikia hadithi hii walicheka sana, na yule mtoto alicheka kuliko wote. Nikawaambia, mnaona, kuku si tusi tena. Kuku ni profesa.

Lakini hadithi iliyonigusa zaidi si ya Java. Ni ya wakimbizi kama sisi. Miaka ya 1980 watu wa Msumbiji walikimbilia Malawi kwa sababu ya vita, wakafika karibu milioni moja. Chakula chao kikubwa kilikuwa mahindi, na njugu karanga ndizo zilizoleta vitamini B3, yaani niasini. Mahindi nayo ina niasini, ila imefungwa, mwili hauwezi kuitoa. Wenyeji wa Mexico tangu kale walichemsha mahindi kwa maji ya chokaa, na hiyo iliifungua. Sisi tulipokea mahindi bila kupokea ujuzi huo. Basi, karanga zilipokatika kwenye mgao, mwaka 1990 wakimbizi zaidi ya 17,000 walipata pelagra. Ngozi iliungua na kubabuka palipopigwa na jua: mikononi, shingoni kama mkufu. Ikiendelea, mtu anaharisha, anachanganyikiwa akili, na anaweza kufa. Wanawake waliugua zaidi sana kuliko wanaume. Walitibiwa kwa vidonge vya vitamini B, na unga ukaongezwa niasini.

Nawaeleza haya si kuwatisha. Nawaeleza kwa sababu mara nyingi tunasikia mtu akisema, "Chakula ni chakula, mradi tumbo lijae." Wale wa Malawi matumbo yalijaa. Kilichokosekana ni kitu kidogo kuliko chembe ya chumvi. Na sisi hapa Kigoma tunajua mgao unavyoweza kubadilika. Mwaka 2023 rasheni ilishushwa mpaka nusu ya kiwango. Mgao ukipungua, mama anafikiria kwanza kushibisha, na ni haki yake. Mimi naomba tu kwamba tukiwa tunapunguza, tujue tunapunguza nini. Maharagwe na karanga zitoke mwisho, si mwanzo.

Kuna vitamini C pia. Hiyo ndiyo gundi ya mwili, inashikanisha ngozi, ufizi na mishipa, inasaidia kidonda kufunga. Ikikosekana miezi miwili au mitatu, ufizi unavimba na kutoka damu, magoti yanauma, mtu anashindwa kutembea. Ugonjwa huo unaitwa kiseyeye. Zamani ulimaliza mabaharia, na katika miaka ya 1980 uliwapata wakimbizi katika kambi za Somalia na Sudani, kwenye ukame, ambako mboga na matunda havikufika. Vitamini C haikai kwenye nafaka wala maharagwe makavu. Moto unaiua na maji yanaiondoa. Sombe yetu tunaichemsha muda mrefu, na lazima tufanye hivyo kwa sababu ina sumu, msije mkapunguza moto kwa ajili ya maneno yangu. Lakini mjue kwamba kwa sombe peke yake vitamini C hatupati ya kutosha. Tuitafute kwenye pera, embe, papai, limau, nyanya mbichi. Pera moja la kuokota njiani lina vitamini C kushinda chungwa la sokoni.

Na vitamini D, inayoweka chokaa kwenye mifupa, nyingi mwili unaitengeneza wenyewe jua likigusa ngozi. Mtoto mchanga anayefungiwa ndani na kufunikwa kanga mchana kutwa anaweza kupata matege, hapa hapa kwenye jua la Afrika. Mtoeni nje asubuhi, hiyo haina foleni wala kadi.

Sasa turudi kwenye sufuria ya bibi, kwa sababu maneno bila sufuria ni mtihani tu.

Sikumwambia bibi asiuze mafuta kamwe. Nani mimi wa kumwambia hivyo, na sabuni atatoa wapi? Tulikubaliana hivi: kabla ya kuuza, anatenga kwanza ya sufuria kwenye chupa ndogo, inayobaki ndiyo inafikiriwa sokoni. Kijiko kimoja kwenye mboga ya familia kinatosha kuwa gari la kubebea. Na wakati mwingine ananunua mawese kipimo kidogo. Hapa Kigoma, sawa na kwetu Fizi na Uvira, tumebahatika kuwa na michikichi. Ule wekundu wa mawese ndio wenyewe, ndio utajiri wa vitamini A. Ila tuache tabia ya kuyachoma mpaka yawe meupe. Tunasema tunaondoa harufu, kumbe tunachoma dawa. Yatie mwishoni, mboga ikishaiva, yayeyuke tu.

Pia dada wa mtoto alitengeneza bustani ya gunia mlangoni: gunia kuukuu, udongo na samadi, mawe katikati ya kupitisha maji, matundu pembeni. Amepanda lengalenga na matembele, anamwagilia maji yaliyooshea mboga na vyombo yasiyo na sabuni. Na kwenye kona amepanda viazi vitamu vya rangi ya chungwa, wengine wanaviita viazi lishe. Sheria rahisi ya kukumbuka ni rangi: kijani iliyokolea kwenye majani, na njano au nyekundu ya chungwa kwenye viazi, boga, papai na embe. Kiazi cheupe kinashibisha, cha chungwa kinashibisha na kuona.

Ukipata ndagala, hata kiganja kimoja kwa wiki, wapike wazima, maana vitamini A iko ndani ya ini lao dogo na machoni mwao. Na akina mama mnaonyonyesha, yale maziwa ya kwanza ya njano ambayo wengine bado wanayakamua na kuyamwaga, jamani, hiyo ni chanjo ya kwanza na vitamini A ya kwanza. Mpeni mtoto.

Nina onyo moja. Vitamini A nyingi mno ni sumu, kwa sababu haitoki na mkojo, inakaa kwenye ini. Msinunue kapsuli sokoni, msimpe mtoto mara mbili mkidhani ni bora zaidi. Mama mjamzito asimeze kapsuli hizo kubwa bila mhudumu wa afya, zinaweza kuharibu kiumbe tumboni. Ya kwenye mboga na mawese haina hatari hiyo.

Na dalili ni rahisi kuzipima bila mashine. Jua likizama, mwangalie mwanao. Anajikwaa kwenye vitu anavyovijua? Anapapasa kutafuta sahani? Anakaa kimya wakati wenzake wanacheza? Anashika nguo ya mtu? Mpeleke zahanati kesho yake, usingoje mgao. Akiwa na surua au kuhara kusikokoma, usingoje hata kesho. Maombi yaendelee, mimi pia naomba. Lakini tusimtafute mchawi kwa jirani kabla hatujatafuta kwenye sufuria. Yule mama jirani aliyeshukiwa hakuwa na kosa lolote, na bibi alikwenda mwenyewe kumwomba radhi. Siku hizi wanapokezana mbegu za lengalenga.

Imebaki radhi yangu mimi. Ilinichukua wiki. Si kawaida kwetu mwalimu kumwomba mtoto msamaha, nami niliogopa darasa litaniona dhaifu. Mwishowe nilimsimamisha mbele, pale pale nilipompigisha magoti, nikasema, "Nilikuadhibu kwa kosa ambalo halikuwa lako. Ulikuwa mgonjwa, mimi sikuona. Nisamehe." Darasa lote kimya. Yeye akafikiri kidogo, akasema, "Si neno, mwalimu. Na wewe hukuwa unaona." Sikupata la kujibu, niliendelea na hesabu.

Kanuni ya madaftari manne nimeifuta. Wasio nayo wanaandika masomo mawili kwenye daftari moja, mbele na nyuma, na elimu haijafa. Kunakili ubaoni nimekuhamisha kuwa kipindi cha kwanza, mwanga ukiwepo. Kipindi cha mwisho tunaimba, tunahesabu kwa mdomo, tunasimuliana. Na kengele ikilia nasimama mlangoni nawaangalia wote wanavyovuka ule mtaro, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Mwezi uliopita niliona msichana mmoja akisita pale ukingoni, akanyoosha mguu kupapasa kama mtu anayeingia mtoni. Nilimwita mama yake jioni ile ile.

Mwenye mbegu za lengalenga au vipande vya viazi vya chungwa anaweza kuvileta shuleni, tutavigawa kwa wasio navyo. Mungu azilinde familia zetu, na atujalie siku moja kupanda mboga zetu kwenye ardhi yetu.

Ni mimi, mwalimu wenu wa kujitolea, mwaka wa tatu, zamu ya pili.